Unataka Kununua Van ya Safari Iliyotumika? Kagua Hizi Sehemu Kabla Doo Yako Ihame

Ukiona van ya watalii imeegeshwa kwa yadi ya Ngong Road, rangi inang'aa, tairi zimepakwa nyeusi na dashibodi inanukia pafyumu, jua hiyo gari imeishi maisha marefu kabla ikutane na wewe. Imepiga Mara, ikapiga Amboseli, ikalala Nakuru, na dereva alikuwa anakimbizana na simba kwa mashimo ndio mgeni apate picha. Sasa mwenyewe amechoka nayo. Na wewe na mbogi yako mmechanga doo mkitaka kuigeuza camper ya kuenda nayo Turkana ama Diani.

Si idea mbaya. Van ya safari tayari ina paa la kufunguka, ina nafasi, na spea zake zinapatikana Kirinyaga Road bila stress. Shida ni kwamba uharibifu wake si ule wa gari ya kawaida ya mtu wa ofisi, na wanunuzi wengi hukagua sehemu isiyofaa.

Wao huenda na fundi wa injini. Fundi anasikiza mngurumo, anachungulia oili, anasema "iko fiti", mnalipa. Miezi mitatu baadaye mvua ya Aprili inaingia kwa paa, sakafu inakuwa laini kama mandazi ya jana, na mlango wa kuteleza unakataa kufunga. Hapo hakuna fundi atakuokoa na bei ya kirafiki. Injini ni kitu unaweza kununua, utoe moja uweke ingine kwa siku chache. Bodi iliyooza hainunuliki. So ukiwa na masaa mawili ya kukagua, tumia saa moja na nusu kwa bodi na chini ya gari. Injini itangoja.

Beba tochi, sumaku ndogo, bisibisi, gazeti la zamani na nguo za kuchafuka. Na uende mchana, gari ikiwa kavu. Gari yenye imeoshwa saa hiyo hiyo huficha mengi: rangi mbaya haionekani ikiwa na maji juu, na mahali panapovuja hapajulikani.

Jua kwanza ni ndege gani unaangalia

Van za safari Kenya ziko za aina mbili kubwa, na kila moja huvunjika kivyake.

Ya kwanza ni Toyota Hiace, ama Nissan ya saizi hiyo, iliyokatwa paa. Hiace haina chasisi ya kujitegemea kama ya lori. Bodi yenyewe ndio mifupa: sakafu, kuta na paa zimeshikana, na zote hubeba mzigo. Sasa fikiria mtu amekuja na grainda akakata dirisha kubwa kwa paa. Ametoa mfupa. Karakana nzuri hurudisha nguvu kwa kuchomelea fremu ya chuma kuzunguka hiyo nafasi. Karakana ya haraka huweka chuma chembamba, fila na rangi, kazi imeisha.

Ya pili ni Land Cruiser ya 70 Series iliyorefushwa. Hii ina chasisi yake kamili, lakini chasisi hiyo ilikatwa katikati ikaongezwa kipande ndio viti vitoshee. Ukisikia broka anasema "hii ni Cruiser, haiwezi kufa", mwambie sawa, halafu ulale chini uangalie pale ilipounganishwa.

Kwa hivyo kwa Hiace tunaanza juu, kwa Cruiser tunaanza chini.

Paa ndio mwanzo wa shida

Fungua paa lote. Lazima lipande na kushuka bila kupigwa ngumi. Miguu yake ya kukunja ikiwa imepinda, ama upande mmoja unachelewa, hilo paa liliwahi kupigwa na tawi ama lilifungwa kwa nguvu miaka mingi. Hiyo yenyewe inatengenezeka. Kitu cha kuogopa ni kona nne za ile nafasi iliyokatwa.

Mulika tochi kwa kona, ndani na nje. Unatafuta ufa mwembamba kama unywele, rangi iliyopasuka kwa mstari, ama mahali pamechomelewa tena juu ya welding ya zamani. Chuma kilichokatwa huanza kuchanika kwa kona kwa sababu hapo ndipo nguvu zote hukutana gari ikijipinda kwa barabara mbovu. Ufa mmoja mdogo unaweza kurekebishwa na mtu anayejua kazi. Nyufa kwa kona tatu ama nne zinakuambia bodi nzima inacheza.

Kuna test rahisi ya kuthibitisha. Mwambie mwenye gari apandishe tairi moja ya nyuma juu ya ukingo wa barabara, gari isimame imeinama hivyo. Sasa jaribu kufungua na kufunga mlango wa kuteleza na ule wa nyuma. Bodi yenye nguvu haitajali. Bodi iliyolegea itajipinda, na mlango ulioteleza vizuri dakika mbili zilizopita utakwama ama utabaki na mwanya. Ukiona hivyo, shukuru kwa chai na uende.

Halafu maji. Hapa ndipo watu hupigwa sana, kwa sababu nani hukagua uvujaji wakati wa jua? Mwambie muuzaji mtapitia mahali pa kuoshea gari na wewe ndio utalipa. Kabla ioshwe, tandaza gazeti kwa viti na sakafu, funga paa na madirisha yote, kaa ndani. Mwambie kijana wa mashine apige maji juu ya paa, kwa raba za pembeni, juu ya madirisha na kuzunguka mlango wa nyuma, kama dakika tano hivi. Gazeti haliwezi kudanganya. Tone likianguka, unajua ni wapi. Na akikataa kabisa gari isiguswe na maji, huyo amejibu swali lako bila kufungua mdomo.

Raba ya paa iliyokauka si sababu ya kukimbia. Raba inanunuliwa. Lakini silikoni iliyopakwa tabaka juu ya tabaka kama aisingi ya keki inamaanisha maji yamekuwa yakiingia kwa muda, na kila mtu alikuwa anaziba bila kutafuta chanzo. Angalia pia mashimo ya antena. Madereva wa safari huwasiliana kwa redio kujuzana mnyama yuko wapi, na gari ikiuzwa redio hutolewa. Shimo la antena hubaki, limezibwa na kitu chochote kilichokuwa karibu. Nyaya zake pia hubaki zikining'inia nyuma ya dashibodi, na waya isiyo na kazi ikigusa chuma inaweza kukuwashia moto.

Paa la kufunguka mara nyingi ni la faiba, so sumaku haitashika hapo na usishtuke. Kwa faiba tafuta nyufa na sehemu laini ukibonyeza na kidole. Sumaku ni ya bodi ya chuma.

Sakafu haijui kudanganya

Maji yakiingia kwa paa hushuka, na yakishuka hukaa chini ya kapeti la plastiki. Hapo hayakauki. Chini ya hilo kapeti kwa van nyingi kuna plaiwudi, na chini ya plaiwudi ni chuma.

Tembea ndani ukikanyaga na kisigino, haswa pembeni mwa kuta, chini ya viti vya nyuma na karibu na mlango. Ikibonyea, mbao imeoza. Inua kona ya kapeti, na ukinyimwa ruhusa uliza ni kwa nini. Plaiwudi nyeusi yenye harufu ya uyoga si shida kubwa peke yake, kwa sababu mbao hubadilishwa. Lakini sukuma bisibisi polepole kwa chuma kilicho chini. Kutu ya juu hukwaruzika ikaacha chuma kigumu. Kutu iliyokula inakubali bisibisi ipite.

Usiishie hapo. Angalia miguu ya viti ilipofungwa kwa sakafu. Hapa si mambo ya urembo tena. Siku breki itakanyagwa ghafla, kiti kilichofungwa kwa chuma kilichooza kitang'oka na mtu akiwa amekalia, mkanda ukiwa umefungwa vizuri kabisa. Shika kila kiti kwa juu, kitikise kwa nguvu. Kikicheza, fuata miguu yake ujue ni bolti imelegea ama ni sakafu imekwisha.

Chukua pia dakika moja kunusa. Funga milango, kaa kimya. Harufu ya ukungu haiishi kwa pafyumu, hujificha tu kwa siku kadhaa. Madoa ya rangi ya chai kwa kitambaa cha dari ni ramani ya maji yalipopita.

Lala chini, chafuka

Ukiwa na bahati ya gereji yenye shimo, tumia. La sivyo inua na jeki, weka stendi, na usiwahi kuingia chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake.

Gari iliyokaa Pwani hukuliwa na chumvi ya hewa, na chumvi ya Magadi pia si rafiki. Muulize muuzaji gari ilikuwa base gani, halafu ulinganishe na unachoona. Mtu akisema imekaa Nairobi maisha yake yote na mikono ya suspensheni imebambuka kutu kama magome ya mti, hiyo stori ina shimo.

Chunga sana rangi nyeusi mpya chini ya gari. Watu wengine hupaka kwa nia nzuri, kuzuia kutu. Wengine hupaka wiki ya kuuza. Gonga na mpini wa bisibisi ukisikiza. Chuma kizima hulia, kilichooza husema "pofu". Na kama rangi imepakwa mpaka juu ya matope yaliyokauka, hiyo kazi ilifanywa na mtu mwenye haraka.

Kwa Cruiser iliyorefushwa, tafuta chasisi ilipounganishwa, pande zote mbili. Unataka kuona welding iliyonyooka, na bamba la chuma la kuongeza nguvu lililofunika kiungo kwa urefu wa kutosha. Hutaki kuona ufa unaotambaa kutoka mwisho wa bamba, kutu inayotoka ndani ya kiungo, ama mabamba mapya juu ya ya zamani. Kumbuka pia propela shafti ilibidi irefushwe. Ikiwa haikusawazishwa vizuri, ama bearing yake ya katikati imekufa, gari itatetemeka ukifika kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Watu huambiwa ni tairi.

Hiace nyuma ina springi za majani. Hesabu majani pande zote, angalia kama moja limevunjika, angalia mahali springi zinashikana na bodi. Kagua pia shoki zilipofungwa juu, kwa sababu barabara zenye matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia huchana hapo pole pole. Shoki zenyewe ni bei ya kawaida. Kutengeneza chuma kilichochanika zinaposhikilia ndio kazi.

Iligongwa ama ilizama?

Gari ya kazi kuwa na mikwaruzo ni kawaida. Van yenye umri wa miaka kumi na tano bila hata mkwaruzo mmoja ndio mimi huogopa.

Pitisha sumaku polepole kwa milango, kona za nyuma na juu ya magurudumu. Ikikataa kushika mahali kwa chuma, hapo kuna fila nene. Angalia mianya kati ya milango na bodi kama iko sawa pande zote. Angalia bolti za milango na boneti kama zimekwaruzwa na spana. Rangi iliyoruka ikakaa kwa raba za madirisha inaonyesha gari ilipulizwa bila kufunguliwa. Kila kioo kina alama ndogo ya kampuni kwa kona, so kimoja kikiwa tofauti na vingine kilibadilishwa, na wewe unataka kujua kwa nini. Jiwe la barabarani ni jibu zuri. Kubiringika si jibu zuri, haswa kwa Hiace iliyokatwa paa, kwa sababu nguzo za madirisha zikishapinda hazirudi vile zilikuwa.

Kuzama ndio siri kubwa siku hizi. Aprili na Mei 2024 mafuriko yalipiga Nairobi na sehemu nyingi za nchi, na kule Mara Mto Talek ulivunja kingo zake kambi zikafunikwa na maji. Magari yaliyokuwa huko hayakuyeyuka. Mengine yalioshwa, yakakaushwa, yakarudi sokoni.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa. Ile sehemu ya mwisho huwa haioshwi, na tope likiwa hapo utaona mstari. Mulika reli za viti chini, ndani ya taa za mbele, na boksi la fyuzi. Chumvichumvi ya kijani kwa viungo vya waya inamaanisha unyevu ulikaa hapo. Washa kila kitu kinachotumia umeme: taa, waipa, madirisha, honi, feni. Injini za zamani za dizeli kama 3L na 5L hazina kompyuta nyingi, kwa hivyo zikizama husafishwa na kuendelea. D4D ina kompyuta na sensa, na ikishakunywa maji itakusumbua kidogo kidogo, kila mwezi na drama yake.

Injini, sasa

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kuiwasha ikiwa baridi. Ukifika ukute tayari inanguruma "ndio isikusumbue", weka mkono karibu na rejeta usikie joto, halafu panga kurudi asubuhi nyingine. Injini ya moto huficha karibu kila kosa.

Kwa Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, so inua kiti. Kabla ya kuwasha, vuta kijiti cha oili na ufungue rejeta ikiwa baridi tu. Oili ya rangi ya chai ya maziwa, ama mafuta yanayoelea kwa maji ya rejeta, inamaanisha viwili hivyo vimeanza kuchanganyika, na gasketi ya hedi ndio mshukiwa wa kwanza. Hiyo ni gari iliyochemsha, labda zaidi ya mara moja.

Washa. Moshi mweusi ukikanyaga dizeli ya zamani si mwisho wa dunia. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inaungua. Moshi mweupe unaokataa kuisha hata injini ikishika moto ni wa kuchunguza. Fungua kifuniko cha oili ikinguruma: ikipuliza kama jiko la presha, ringi zimechoka.

Ikiwa ni 1KD, ile D4D ya lita 3.0, uliza kuhusu injekta na sili zake za shaba. Sili zikivuja, masizi huingia kwa oili, yanaganda, na yanaweza kuziba chujio linalovuta oili chini ya injini. Injini inakosa oili, inakufa bila kuaga. Kama unaona vipande vyeusi vigumu chini ya kifuniko cha oili ama unasikia kugonga kama nyundo ndogo ikiwa baridi, bei ishuke sana ama uachane nayo. Pia 1KD hutumia mkanda wa taiming, so muulize ulibadilishwa lini na uone risiti. Ile ya petroli ya lita 2.7, yaani 2TR, hutumia cheni, lakini kwa van nzito utaiombea mafuta kila kituo.

Mileji piga hesabu mwenyewe

Nairobi hadi lango la Sekenani ni kama kilomita 230. Kuenda na kurudi, ongeza kuzunguka ndani ya mbuga siku mbili, unafika kama 600 kwa safari moja. Safari tatu kwa mwezi ni 1,800, kwa mwaka ni zaidi ya 21,000. Sasa mtu anakuonyesha van iliyofanya kazi miaka kumi na dashibodi inasema 84,000. Hata ukitoa mwaka wa 2020, wakati Korona ilifunga utalii na van nyingi zikakaa zimeegeshwa, hesabu haikubali.

Badala ya kubishana na dashibodi, angalia raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Tafuta stika za sevisi kwa mlango ama chini ya boneti. Tairi pia zina tarehe: nambari nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ikisomeka 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado raba imezeeka, haswa kwa gari iliyokaa kwa jua bila kusonga.

Kama mtu ameshaigeuza camper

Hapa wengi huona kitanda, taa za LED na kabati za mbao, moyo unayeyuka. Fungua hizo kabati. Zilifungwa wapi, na skrubu zilipita wapi? Kila skrubu iliyotoboa bodi bila kupakwa kitu ni kidonda cha kutu.

Fuata waya kutoka betri ya pili. Lazima kuwe na fyuzi karibu na betri yenyewe, na waya iwe nene ya kutosha. Waya nyembamba za spika zikibeba friji hupata moto chini ya godoro ulilolalia. Kama kuna gesi ya kudumu, paka povu la sabuni kwa kila kiungo cha paipu, fungua mtungi, tazama kama povu linavimba. Angalia kama kuna tundu la hewa chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hukaa sakafuni ikivuja. Kama mtungi umefungwa karibu na kitanda bila tundu lolote, panga kuutoa kabisa na upike nje na meko yako kama binadamu wengine.

Iendeshe, na si kwa lami ya Thika Road tu

Kwa lami nyororo kila gari ni nzuri. Tafuta kipande cha barabara ya vumbi, endesha polepole madirisha yakiwa yamefungwa na redio imezimwa. Sikiza. Kugonga chini kwa mbele ni bushi ama boljoint. Mlio wa chuma kukwaruzana juu ya kichwa chako ni fremu ya paa, na hapo unarudi kwa zile kona nne.

Kisha tafuta mlima mrefu. Ukiwa karibu na Nairobi, panda ule mlima wa kutoka Mai Mahiu, AC ikiwa imewashwa kama iko, jicho kwa geji ya joto. Ikipanda hapo bila mzigo, fikiria ukiwa na watu saba, hema na maji ya siku tatu. Usijaribu breki kali kwa mteremko wa huko, breki zijaribiwe mahali tambarare na pasipo magari: kanyaga kwa nguvu, uone kama inavuta upande.

Na kama haipiti 80, usiseme injini imekufa. Magari ya kubeba abiria kwa malipo huwekwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na van nyingi za safari bado zinacho.

Kabla utume pesa

Ukishamaliza peke yako, lipa mtu huru arudie. AA Kenya hufanya ukaguzi wa gari kabla ya kununua, na gereji yoyote unayoiamini inaweza. Sharti moja tu: asiwe fundi aliyeletwa na broka. Itakugharimu kiasi kidogo ukilinganisha na laki saba ama nane unazotaka kuachilia.

Andika kila kosa ulilopata na bei ya kulitengeneza, uliyoulizia mwenyewe, halafu ndio mzungumze bei. Raba za paa, shoki, tairi, plaiwudi, betri: hivyo vyote hupunguza bei na maisha yanaendelea. Nyufa kwa kona za paa, chasisi iliyochanika kwa kiungo, sakafu iliyooza chini ya viti na dalili za kuzama kwa D4D, mimi hivyo sinunui hata nikipunguziwa nusu.

Halafu makaratasi. Linganisha nambari ya chasisi iliyogongwa kwa chuma na ile ya logbook, herufi kwa herufi. Ikionekana imesuguliwa, ama imechomelewa kando kando, usiguse hiyo gari, na kama unaitaka sana DCI wana watu wa kuikagua. Fanya search ya NTSA kupitia eCitizen uone jina la mwenyewe. Jina la benki likiwa hapo pamoja na la kampuni ya tours, deni bado liko. Mikopo mingine haionekani kwa logbook, kwa hivyo tafuta pia kwa sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyowekwa na sheria ya 2017 na ambayo pia iko eCitizen.

Gari ikiwa ya kampuni, anayetia sahihi awe mkurugenzi, si dereva aliyetumwa na ufunguo. Pia uliza NTSA utahitaji nini kuitoa kwa usajili wa kubeba watalii ndio iwe yako ya binafsi, na mkubaliane kwa maandishi ni nani analipia hiyo. Pesa ipite kwa benki, kwa akaunti yenye jina lile lile la logbook. Na mkiwa mmekaa pamoja, mwenyewe aanzishe transfer kwa akaunti yake ya eCitizen, wewe uikubali kwa yako, kabla ya mtu yeyote kuinuka kwa hiyo meza.